Mawe Katika Mfuko wa Baba

Hapa Kirumba, mashariki ya Kongo, siku za soko, malori hushuka kutoka vijijini yakiwa na kabichi zilizofunikwa makangaga, yale majani marefu ya mlimani yaliyochanika kama meno ya kitana. Wapakuaji huyatupa chini, watu huyakanyaga, na harufu yake inapanda. Ni harufu mbichi, yenye uchachu kidogo, kama ya udongo uliofunuliwa sasa hivi. Wengine hata hawaisikii. Mimi hunisimamisha njiani. Siku moja nilishika meza ya mama mmoja muuza chumvi ili nisianguke, akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu maelezo ya kweli yangemchosha. Ningemwambiaje kwamba kwa kitambo kidogo nimekuwa tena mtoto, nimesimama kwenye mlima mmoja kati ya Butembo na Kalunguta, na mbele yangu wafu wametoka kwenye makangaga wakanitazama?

Baba yangu alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari pale Butembo. Wakati wa likizo, wenzake waliuza petroli kwa chupa au walikwenda Beni kununua mawese. Yeye alifunga viatu na kupanda milima kutafuta mambo ya kale. Majirani walimwita Monsieur Mawe, kwa kuwa hakurudi na kitu kingine. Alitaka kujua watu wetu walikaa wapi kabla ya barabara na kabla ya misheni, walisaga nini, na majembe yao yalifuliwa na nani. Swali hilo la majembe ndilo lililomsumbua zaidi. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Kalunguta, chini ya mlima wenye kaburi la mwami wa zamani, yaani mtawala wetu wa enzi zile, palikuwa na mahali ambapo chuma kiliyeyushwa. Alitamani kupata tanuri lenyewe, hata moja tu lililobaki zima. Alilitafuta tangu kabla sijazaliwa, akaokota makombo yake tu.

Mara nyingine alinichukua. Tulipita mashamba ya maharagwe yaliyochanua, tukavuka vijito vya maji baridi, tukapumzika kwenye nyasi ambako upepo ulitembea kama mtu asiye na haraka. Milima ya kwetu si mikali. Inainuka na kushuka polepole, kijani juu ya kijani, na asubuhi ukungu hulala katikati yake hadi jua liuamshe. Mpaka leo sijaona nchi nzuri kuliko ile, na hakuna nchi niliyowahi kuiogopa kama ile.

Vita vilipofika mjini, mimi sikuviona kama vita. Niliviona kama tabia mpya za watu wazima. Walizima redio mtu akipita nje, walifunga maduka mchana, walinong'ona hata wakiomba chumvi. Mjini walikaa askari, wengine wakisema Kilingala, wengine lugha ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyeijua. Milimani walikuwako watu wengine, waliopigana na hao wa mjini. Hao wa milimani hawakutajwa jina ndani ya nyumba yetu. Tantine Masika, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akikaa nasi, aliwaita tu "benyewe", yaani wenyewe. Benyewe beko kilimani. Benyewe balishuka jana. Usipitie kule, benyewe hawapendi.

Sasa, Baba naye aliponisimulia habari za bami, yaani mamwami wa zamani, alikuwa akisema kwamba kila mlima una wenyewe. Mimi nikaunganisha maneno hayo mawili. Nikajua, kwa uhakika wa mtoto, kwamba wanaotisha mji mzima, wanaofanya baba za watu kufunga milango kabla ya jioni, ni wale bami waliozikwa juu, pamoja na walinzi wao. Hakuna aliyejua kwamba nimeunganisha hivyo. Watoto hawaulizwi.

Mama alikuwa amekwenda Kalunguta kwa mama yake kujifungua, kabla barabara haijaharibika. Siku moja mchuuzi wa vitunguu alileta habari kwamba mtoto amezaliwa, ni wa kiume, lakini Mama ametokwa damu nyingi na hasimami. Baba alikaa kwenye kiti akiwa amevaa kofia yake. Barabara kubwa ilikuwa na vizuizi kila mahali, na wanaume walioteremshwa kwenye malori hawakurudi wote. Kisha akanigeukia na kutabasamu.

"Kavira, tutafanya promenade," akasema, yaani matembezi. "Tutapita na njia ya zamani, ile ya milima. Utaona majiwe, utaona makaburi ya bami. Halafu utamuona mama yako."

"Promenade!" Tantine alisema kutoka jikoni. "Katika hii vita, wewe unaita promenade?"

"Yaya, tafazali," Baba alimwambia dada yake. "Mutoto anasikia."

Tantine alirudi kwenye sufuria zake. Alikuwa mwanamke mnene, mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Kiprotestanti, na hakuwa na subira na makaburi ya kale, aliyoyaita mambo ya shetani. Lakini kesho yake kabla hakujapambazuka alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa vizuri, kapu la chakula mgongoni. "Nani atamupikia huyo mugonjwa? Wewe na majiwe yako?" Akanipa kofia ndogo ya sufu ya njano aliyoifuma kwa ajili ya mtoto, akaniambia niiweke ndani ya blauzi, isilowane.

Tuliuacha mji ukiwa bado kwenye ukungu. Tulipita kwenye mikaratusi, maganda yake yakilia chini ya miguu, kisha tukatokea kwenye milima ya wazi. Jua lilipochomoza kila kitu kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilisahau kuogopa. Baba alinionyesha jiwe pana lililolala kando ya kijito, lenye mashimo laini kama mabakuli. Wanawake wa zamani walisagia ulezi hapo, akasema. Niliingiza mkono katika shimo moja, ukaenea sawasawa, kama vile jiwe lilikuwa linakumbuka mikono. Baadaye tukafika mahali penye miti iliyosimama mduara, mirefu, yenye majani kama mikuki, na katikati hakuna kitu, ni nyasi tu. Ulikuwa uzio wa boma la mwami, Baba alisema. Nyumba zilioza, uzio ukaota mizizi.

"Na mwami mwenyewe?" nikauliza.

Baba alinyoosha kidole kwenye mlima uliofuata. Kileleni palikuwa na kichaka cheusi cha miti mikubwa, peke yake, kama nywele zilizosahauliwa na mnyoaji.

Akanisimulia tukitembea. Mwami akifa, watu hawakusema amekufa. Walimpandisha kule juu, wakapanda miti kumzunguka, na walinzi wakabaki naye. Anayepita pale ni lazima apige makofi polepole, asalimu, aache kitu, hata kama ni ushanga mmoja.

"Na mutu asiposalimia?"

"Ah, huyo anabakizwa," Baba alisema, macho yake yakicheka. Alikuwa anataka tu safari iwe fupi kwangu.

Tantine, aliyekuwa mbele, alisimama ghafla. Kwenye tope la njia palikuwa na alama za miguu mingi, mipana, bila viatu, na kando yake majivu ambayo yalikuwa bado yanatoa moshi. Alitazama majivu, akamtazama Baba.

"Benyewe bamepita hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa hivi."

Macho ya Baba yaliacha kucheka. Nilisogea karibu na Tantine. Kumbe ni kweli, nikawaza. Wametoka juu, wamekuja kuota moto.

Hatukuweza kurudi. Nyuma yetu mlima ulikuwa wazi, mtu angetuona kutoka mbali. Baba alisema tuzunguke chini ya kaburi, kwenye makangaga, kimya kabisa. Tukaingia. Yalinifika mabegani, yakanilowesha, na harufu yake ikanijaa puani. Nilishika kitenge cha Tantine. Nilijaribu kupumua bila kutoa sauti, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyojisikia nikipumua kama ng'ombe.

Katikati ya makangaga Baba aliinama. Nilifikiri ameona mtu. Alikuwa ameona jiwe. Aliligeuza, jeusi, zito, lenye matone yaliyoganda kama nta ya mshumaa, akalitia mfukoni mwa koti. Akapiga hatua, akaokota lingine. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anatafuta chini kwa macho kama mtu aliyeangusha ufunguo wa nyumba.

"Wee!" Tantine alimnong'onea kwa hasira. "Uko naokota majiwe wakati batu bako nakufa?"

"Yaya, iko karibu. Angalia, yako mengi. Iko karibu sana."

"Kitu gani iko karibu? Kifo?"

Ndipo makangaga mbele yetu yakasimama.

Hivyo ndivyo nilivyoona: majani yakainuka yakawa watu. Walikuwa na makangaga kichwani, kiunoni, mabegani, wamelowa, maji yakiwadondoka usoni. Wengine walikuwa na mikuki, wengine bunduki, lakini bunduki sikuzitazama. Nilitazama macho yao mekundu na vichupa vidogo vya dawa vilivyoning'inia shingoni. Walikuwa sawasawa na walivyopaswa kuwa. Walinzi wa mwami.

Baba aliinua mikono. Tantine alipiga magoti akiwa na kapu lake. Mimi nilikumbuka nilichofundishwa. Niliinamisha kichwa, nikapiga makofi polepole, nikasalimu kwa Kinande, lugha yetu, salamu ya asubuhi ya kumwambia mkubwa, nikairudia mara ya pili kwa sababu sauti haikutoka mara ya kwanza. Mmoja alianza kucheka. Kisha wengine. Nilifurahi kidogo, nikidhani salamu imekubaliwa.

Mkubwa wao hakucheka. Walimwita Komanda. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na upole wake ulinitisha kuliko mikuki.

"Munatoka wapi?"

"Butembo, Komanda," Baba alisema. "Tunaenda Kalunguta. Mama ya huyu mutoto amezaa, anagonjwa."

"Juu ya nini hamupite na barabara?"

"Barabara ni mubaya, Komanda. Unajua."

Walimpekua. Mfuko wa kwanza wa koti ulikuwa na kitambaa cha mkono. Wa pili ukatoa mawe. Komanda alilishika moja, akalipima kwa kiganja, akalinusa. Wote wakasogea.

"Hii majiwe ni ya nini?"

"Ni mavi ya chuma," Baba alisema.

"Unasema nini?"

"Ni vile inaitwa. Ile uchafu yenye kubakia wakati chuma inayeyuka. Ni ya bankoko, Komanda, batu ba zamani sana. Balikuwa nafanya majembe hapa."

"Bongo, unanidanganya," Komanda alisema, bila kupandisha sauti. "Hii ni coltan, madini ya bei kali. Nani amekutuma? Ni bale bageni beko mu mji, donc?"

"Hakuna mutu amenituma. Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu gani anaacha darasa, anakuya kupima kilima yetu?" Akalirusha jiwe chini, miguuni mwa Baba. "Utatuonyesha mahali imetoka. Utachimba. Kama ni bongo, utabakia kule."

Utabakia. Nililisikia neno lile likiingia mwilini mwangu kama maji ya kijito. Anabakizwa, Baba alikuwa amesema, yule asiyesalimu. Lakini mimi nilikuwa nimesalimu! Kisha nikaelewa: Baba hakusalimu. Aliinua mikono tu. Na tena alikuwa ameokota mali yao.

Walimvua viatu na koti, wakampa jembe la mpini mfupi, wakamsukuma mbele. Aligeuka akanitazama. Alitaka kusema kitu, lakini akapigwa kofi la mdomo, akaenda. Makangaga yakajifunga nyuma yao.

Sisi tulipelekwa juu, ukingoni mwa ile miti ya kaburi, tukaketishwa chini. Aliachwa mtu mmoja kutulinda, baba mzima mwenye mvi kidevuni, aliyekohoa kila mara akijipiga kifua kwa ngumi. Baada ya muda alitazama kapu.

"Mama, iko kitu ya kula?"

Tantine alimpa lituma, ule mseto wa ndizi na maharagwe. Alikula yote, akilamba vidole, kisha akashukuru kwa Kinande, "Wasingya", kama mtu yeyote anayeshukuru. Hilo lilinichanganya. Sikujua kama walinzi wa wafu huona njaa.

Mvua ikaanza, nyembamba, isiyo na sauti. Tuliweza kusikia kutoka chini jembe likigonga, kisha likinyamaza, kisha likigonga. Halafu likanyamaza muda mrefu. Sauti za wanaume zikapanda, mmoja akifoka. Kisha bunduki ikalia. Mara moja tu.

Ndege wote walitoka kwenye miti. Yule mlinzi alisimama, akasikiliza, akaketi tena. Tantine alikuwa ameshika mkono wangu, na hakuubana, aliuachia. Mkono wake ulilala juu ya wangu kama kitu kilichosahauliwa pale. Midomo yake ilikuwa ikisema "Yesu, Yesu, Yesu", bila pumzi.

Mimi sikulia. Nilikuwa na kazi. Nilijua kwamba Baba amebakizwa, na nilijua ni kwa nini, na kwa hiyo nilijua dawa yake. Ni lazima tuache kitu. Nilijipekua. Sikuwa na ushanga. Nilikuwa na kofia ya mtoto.

Nilitambaa mpaka kwenye mti wa kwanza wa kaburi. Mlinzi aliniona, akaniacha. Niliitoa kofia kwenye blauzi, ya joto kwa mwili wangu, njano mno katika kivuli kile, nikaiweka kati ya mizizi miwili. Nikapiga makofi. Nikasema kwa Kinande, chinichini, kwamba hii ni ya mwami, na amrudishe Baba.

Nilipogeuka, Tantine alikuwa nyuma yangu. Nilingoja kupigwa. Huyu ndiye Tantine aliyefunika macho yake akipita mbele ya nyumba ya mganga, ambaye alikuwa ametema mate tulipoliona lile boma. Aliitazama kofia. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni. Kisha akaketi kwa uzito kwenye majani yaliyooza, akanyoosha mkono, akaisukuma ndani zaidi kati ya mizizi, akaweka kijiwe juu yake.

"Upepo itaichukua," akasema.

Tulikaa pale, migongo kwenye mti wa mwami, tukingoja, na nakumbuka kwamba nilipokuwa nimeegemea ule mti niliogopa kiasi kwamba niliacha kuhisi baridi. Jembe lilianza tena kugonga, sasa kwa kasi, kwa nguvu, bila kupumzika. Tantine aliinua kichwa kusikiliza. Mimi sikujua maana yake. Yeye nadhani alijua ni moja kati ya mawili: mtu anayechimba kaburi la mwingine, au mtu aliye hai bado. Hakuthubutu kuchagua.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka walipotokea. Komanda mbele, amekunja uso. Nyuma yao Baba. Alikuwa na udongo mwekundu hadi viwikoni, mdomo umevimba, miguu peku. Alitembea kama mtu anayetembea juu ya vigae.

"Hakuna kitu," Komanda alimwambia mlinzi wetu. "Ni udongo tu na mavi yake ya chuma." Akatugeukia. "Muende. Musirudie hii njia."

"Aksanti, Komanda," Baba alisema.

Nilimrukia. Alinishika kichwa kwa kiganja kimoja, akanisogeza, kana kwamba hataki udongo ule unipake. Tukashuka upande wa pili wa mlima. Nilitazama nyuma mara moja, nikaona kichaka kile cheusi, nikasema moyoni asante, mwami.

Baba, ambaye siku zote aliongea njiani hata na vijiti, alitembea akitazama mikono yake. Kwenye kijito cha kwanza alichuchumaa, akanawa mikono. Akanawa, akanawa. Tantine alingoja, kisha akamwendea, akamshika bega, akamwinua kama mtoto. Tulilala kwenye kibanda cha shamba la mtu, na asubuhi tukaingia Kalunguta.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye mkeka juani, mweupe midomo, na mtoto amelala tumboni kwake kama paka. Alipotuona alianza kulia na kucheka pamoja, na kutuuliza kwa nini miguu ya Baba inatoka damu. Baba alisema viatu vilimbana, akavitupa njiani. Baadaye Mama aliuliza kama hatukumletea mtoto kitu cha kuvaa kichwani, maana asubuhi baridi ni kali. Nilifungua mdomo.

"Kofia ilianguka mu mutoni," Tantine alisema, bila kunitazama. "Nitafuma ingine." Na akafuma, ya kijani. Mpaka anakufa hakuwahi kuitaja ile ya njano, na kanisani aliendelea kuimba kwa sauti ileile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemnunua Baba. Nilikuwa karibu kuwa msichana mkubwa wakati watu wa milimani walipoteremka mjini baada ya mapatano fulani. Niliwaona wameketi kwenye baa wakinywa bia, wamevaa mashati ya mitumba, mmoja wao akikohoa na kujipiga kifua kwa ngumi. Hapo ndipo wafu wangu walipokufa. Nilidhani woga utaondoka pamoja nao, lakini ulibaki, ukawa umehama tu nyumba. Nilikuwa nimeogopa kitu ambacho zawadi ingeweza kukituliza. Sasa nilijua kwamba siku ile hapakuwa na mtu wa kupokea zawadi.

Baba hakupanda tena milima. Mawe ya nyumbani aliyatoa uani, wajenzi wakayatia kwenye msingi wa choo cha jirani. Mtu akimwuliza mambo ya kale alisema amesahau. Mimi sikumuuliza kitu, mpaka alipostaafu, siku moja nilipokwenda Butembo kumtembelea. Tulikuwa tukila mchana, sisi wawili, mlango wazi. Nikamwuliza siku ile walimfanya nini kule chini.

Alitafuna akamaliza. "Balinichimbisha," akasema.

"Najua. Tulisikia jembe."

"Niliipata, Kavira."

"Ulipata nini?"

"Ile fourneau. Tanuri. Ilikuwa nzima." Aliweka kijiko chini. "Miaka yote ile niliitafuta pembeni. Ilikuwa katikati ya makangaga, chini ya udongo kidogo tu. Jembe la kwanza, majivu. La pili, mudomo yake. Balisema coltan iko ndani, nivunje."

"Na ukavunja."

"Nilivunja. Yote. Na mikono yangu." Alifuta makombo mezani kwa kidole. "Lakini kwanza niliweka jembe chini. Nilianza kutoa udongo na vidole, polepole, juu nione vile iko. Balipiga kelele, niharakishe. Mimi nikaendelea na vidole. Njo hapo bakapiga ile bunduki, hapa, karibu na muguu."

Nilimtazama. Nilisikia tena ndege wakitoka kwenye miti, na mkono wa Tantine ukilegea juu ya wangu. Nilikuwa nimemlilia mtu huyu moyoni kwa miaka, nikidhani walimfyatulia kwa ukatili wao tu. Kumbe risasi ile aliiita mwenyewe. Mimi nilikuwa kule juu nikimwomba mwami amrudishe, na Mama Kalunguta akitokwa damu, naye alikuwa amepiga magoti mbele ya bunduki akifuta vumbi kwenye udongo wa kale.

"Ungekufa," nikasema. "Sababu ya udongo, Baba. Ungetuacha juu ya udongo."

"Nilijua."

"Ulijua, na ukaendelea?"

"Nilijua. Vidole havikutaka kuharakisha."

Niliinuka nikatoka nje. Nilisimama uani, karibu na kamba ya nguo, nimeikamata kwa hasira. Mtaa ulikuwa kimya, saa ya chakula, na moshi wa majiko ukipanda sawasawa. Nilitaka kuchukua mkoba wangu niende kituo cha magari. Nilisimama muda mrefu. Ndani sikusikia kijiko. Alikuwa ameacha kula.

Nilirudi nikaketi. Alikuwa ametazama mikono yake, iliyokunjamana sasa, safi kabisa.

"Ilikuwa namna gani?" nikamwuliza.

Alinitazama kuona kama ni kweli ninauliza. Kisha akasogeza sahani pembeni, akaweka viganja viwili mezani kuonyesha upana wake, akaanza kunieleza, na chakula kikapoa.